Sampuli ya Thelathini na Tano

Walianguliwa siku moja, Jumanne ya manyunyu,
vifaranga themanini, damu moja,
manyoya yangali mabichi, rangi ya uji wa ulezi.
Nikawagawa kwa kura, kama afisa anayegawa viwanja:
arobaini bandani Uyole, juu ya maranda,
taa usiku kucha, chakula cha gunia;
arobaini ndani ya tenga hadi Isongole,
kwa mama.

Mama hakuuliza jeni ni kitu gani.
Aliuliza, "Mwewe akipita, nani atanilipa?"

Mwewe akapita. Akachukua watano.
Waliobaki wakajua kusoma kivuli ardhini
kabla hawajajua kusoma anga;
wakajua kwamba tuta la viazi lililochimbuliwa jana
lina funza wanono,
kwamba chainizi la jirani ni tamu kuliko letu,
kwamba ukungu wa Rungwe ukishuka saa kumi
unarudi nyumbani, umeshiba hujashiba.

Wa bandani hawakujua hayo. Walinenepa.
Wala siwadharau: wiki ya saba
vifua vyao vilituna kama mto wa kitanda cha mgeni,
na wa mama walikuwa miguu tu na kelele.
Mwenye ada ya shule ya kulipa Januari
hawezi kumngoja kuku anayetembea.

Siku ya kisu nilikata paja,
kipande kadiri ya punje ya harage,
nikakizamisha kwenye baridi inayofuka moshi,
baridi ambayo hata Kitulo ya Julai
ingeifungia mlango.

Herufi zilikuwa zilezile.
Hapa ndipo mama aliponitaka nirudie, nikarudia:
hakuna aliyeongezewa neno, hakuna aliyefutiwa.
Ni kama kitabu cha nyimbo pale kanisani.
Sisi na watu wa Ndaga tunacho kilekile,
lakini chetu kimechakaa kurasa za mavuno,
chao kimechakaa kurasa za msiba.

Basi huku uani, ndani ya nyama,
ziliimbwa zile za kuunguza mafuta, za kukaza msuli,
na majani mabichi yakaacha njano yake chini ya ngozi
na mafuta yale membamba ambayo moyo huyapenda.
Kule bandani ziliimbwa za kuweka akiba.
Na nyingine, maelfu, hazikujali:
ua, banda, kwao mamoja.
Hizo nazo nimeziandika.

"Kwa hiyo ni ndugu?"
Ndugu, mama. Tumbo moja.
"Kama wewe na Ambakisye."
Akaendelea kuchambua maharage.
Ambakisye yuko Chunya, anachimba dhahabu,
kifua wazi, anajua kunusa mvua siku mbili kabla.
Mimi nilipelekwa bweni nikiwa na miaka minane,
kengele, foleni, taa.
"Na wewe," akasema, hajainua macho,
"kule walikufungia ukurasa gani?"

Nilicheka. Alikuwa hacheki.
Maabara nzima, na mashine yake ya mkopo,
haina kipimo cha swali hilo.

Ripoti inasema: kuku wa uani, thelathini na wanne.
Ukihesabu utauliza. Arobaini, toa watano wa mwewe.
Mmoja, mtetea mwenye kishungi,
alifunikwa chini ya ndoo asubuhi niliyokuja na visu,
na jioni alikuwa chunguni,
chumvi tu, na kuni za mkaratusi, na masaa.

Nyama ilikataa meno kwanza, halafu ikakubali.
Mchuzi ulielea macho ya njano, ukanitazama.
Tulikula kimya, mvua ikipiga bati,
nikanyonya mfupa hadi ukalia filimbi,
na mama akanisogezea paja la pili bila kuniuliza.

Kichupa namba thelathini na tano kimebaki kitupu.
Kimo mfukoni mwa koti langu jeupe.
Kinanuka moshi.